Mwanamke wa Albamu ya Tatu

Leeds,
6 Februari 1994

Kaka Alphonce,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimevaa jozi mbili za soksi na koti juu, tena nikiwa ndani ya chumba. Mimi mzima, na masomo ya maabara yanakwenda, ila baridi ya hapa ina kiburi. Wewe na shemeji Yasinta hamjambo? Uwele umefika wapi? Nasikia mvua zilichelewa.

Sasa habari uliyoingoja. Tallow Street, bendi yetu, bado wapo! Wana vitambi na vipara, lakini bado wanapiga. Nimenunua redio ya CD kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anahama, na kila nikitoka darasani nasikiliza albamu moja, kwa mpangilio, kuanzia ile ya kwanza ya mwaka sabini na moja. Kaka, nimegundua kwamba sisi tulikuwa tunasikiliza kivuli. Humu hamna mkwaruzo, hamna ule mlio wa kanda kama mtu anayekaanga mafuta jikoni. Wenyewe wanasema hakuna hata chembe ya sauti inayopotea kati ya studio na sikio lako. Kwenye albamu ya kwanza unamsikia mpiga gitaa akivuta pumzi kabla ya kuanza. Pumzi, kaka!

Nimekutumia nne kwa mkono wa Febronia, yule muuguzi anayerudi nyumbani: ya kwanza, ya pili, ya tano na ya sita. Ukizifuatisha utaona walivyobadilika, kutoka makelele ya vijana wa viwandani mpaka vinanda vya umeme na matarumbeta.

Msalimie sana shemeji.

Mdogo wako,
Chediel


Mandewa, Singida,
20 Machi 1994

Mdogo wangu Chediel,

Marahaba. Tuko wazima, ni mafua tu yanayozunguka nyumba hii kama mpangaji asiyetaka kuhama. Uwele ni wa wastani. Shemeji yako anakusalimu na anauliza kama huko mlenda unapatikana.

Diski zako nne nimezipokea. Zinang'aa. Nimejitazama humo na kupunguza ndevu, maana kwa kazi nyingine hazinifai. Mashine sina. Katika Mandewa nzima mwenye mashine ni mmoja, Tamimu, yule aliyekuwa anauza kandambili stendi. Ruksa ya biashara ilipoingia na yeye akaingia nayo, na leo ana zulia ukutani. Ukutani, Chediel, si sakafuni. Kwa hiyo mimi, mwalimu wa miaka ishirini kazini, navua viatu mlangoni kwa muuza kandambili ili nisikilize bendi niliyoifahamu wakati yeye ananyonya. Naye anakaa pale na kijiti chake cha meno na kuniambia, "Mwalimu, watu wako hawa bezi hawana."

Na wewe unanieleza mimi habari za pumzi ya mpiga gitaa. Nani alikutafsiria maneno ya nyimbo zile ukiwa hujui Kiingereza cha kuombea maji? Nani alikuonyesha tofauti ya albamu inayotafuta na albamu inayouza? Leo umefika Leeds, umevaa soksi mbili, umekuwa mwalimu. Sawa. Nina wivu, naandika kwa herufi kubwa ili usihangaike kubahatisha: NINA WIVU.

Lakini masikio yangu hayajafa. Nimezisikiliza zote nne na msimamo wangu ni uleule nilioutoa gazetini mwaka themanini na sita, baada ya kuzisikia kwenye kanda za kuazima. Albamu mbili za kwanza ni vijana wanne wanaopiga mabati. Ya tano na ya sita ni wazee wanne wanaohesabu tiketi. Katikati ipo ya tatu, na roho ya bendi ile iko humo, mwishoni kabisa mwa upande wa pili, pale vyombo vyote vinaponyamaza na yule mwanamke anaanza kuimba kwa mbali. Yule mwanamke ndiye aliyewafundisha kunyamaza. Baadaye wakamfukuza, kwa sababu soko halikumtaka. Watu wakianza kuuza, kitu cha kwanza kutupa nje ni sauti nyembamba. Tuliyafanya hayo hata sisi, na tunaendelea kuyafanya, tunaita maendeleo.

Sasa swali. Umeniletea nne, mbona ya tatu umeibakiza? Hiyo ndiyo ninayoitaka. Kanda uliyonirekodia Itigi imechoka, na nataka kabla sijafa nimsikie yule mwanamke bila mafuta ya kukaanga. Kama ya mpiga gitaa inasikika, basi nataka na pumzi yake.

Nilipokuwa nasoma barua yako kwa sauti, shemeji yako alikuwa anachambua mchele. Akauliza, "Ya tatu ya nini tena? Si unayo kwenye kanda?" Nikamwambia hayo ni mambo ya watu waliosoma. Akasema, "Haya, wasomi," akaendelea na mawe yake.

Nasubiri.

Kaka yako,
Alphonce


Leeds,
9 Mei 1994

Kaka,

Shikamoo. Natumaini mafua yamehama. Mimi mzima, nimebakiza mitihani miwili. Mwambie shemeji kwamba mlenda hakuna, ila wana bamia zimelala kwenye makopo kama maiti.

Kuhusu ile ya tatu, kwa kweli haipatikani. Nimezunguka maduka. Wanasema imeisha na hawajui itachapishwa lini tena. Na hata ingepatikana, kaka, kanda yako inatosha. Vitu vingine vinapendeza vikiwa na mkwaruzo wake. Nilikosea kusema tulisikiliza kivuli, nilikuwa na kiherehere cha mgeni.

Nakutumia ya nne. Ina wimbo mmoja wa dakika kumi na moja utakaokupa la kugombana nalo.

Msalimie sana shemeji.

Mdogo wako,
Chediel


Mandewa, Singida,
3 Julai 1994

Chediel,

Sikuulizi hali. Nitakuuliza kitu kingine.

Tamimu ana mjomba wake Dubai. Mjomba ameingia duka la kwanza, ameikuta albamu ya tatu, ameinunua na kuileta. Haikumchukua hata wiki. Wewe uliye palepale walipozaliwa wanamuziki wenyewe, ulizunguka maduka, haipatikani.

Jumamosi ya wiki iliyopita, saa tisa mchana, niliwaalika walimu wanne twende kwa Tamimu. Nilikuwa nimewahubiria habari za mwanamke yule tangu hawajaota mvi. Tumevua viatu, tumekaa, tumesikiliza. Ni kweli, ni maji ya chemchemi, kila chombo kimesimama mahali pake. Ulipofika wimbo wa mwisho nikanyanyua mkono: "Sasa subirini." Vyombo vikanyamaza kimoja kimoja kama ninavyovijua. Tukasubiri. Diski ikasimama.

Tamimu akatoa kijiti mdomoni. "Mwalimu, huyo mama yuko wapi? Kaenda kuchota maji?"

Walicheka, Chediel. Walimu niliowafundisha kusikiliza walicheka mpaka mmoja akakohoa. Nikasema mashine ya Dubai imemkata. Tamimu akasema, "CD haikati kitu, mwalimu. Si wewe uliyetuambia haipotei hata chembe?" Nikachukua kile kijitabu cha ndani. Wanaume wanne. Wamemshukuru fundi mitambo, wamemshukuru dereva, wamemshukuru hata mpishi. Mwanamke hakuna.

Nikarudi nyumbani, nikaweka betri mpya kwenye redio, nikaipiga kanda yako huku sikio limegusa spika. Kwanza nikasikia kile kitu nilichokiita gazetini "tarumbeta la mbali, lililoingizwa kwa ubunifu wa hali ya juu". Ni treni. Ni treni ya Tabora inaingia Itigi! Miaka kumi na sita nimeisifia honi ya treni. Halafu akaanza yeye, na sasa nikasikia kwamba maneno yake si Kiingereza, ni sauti tu za mtu anayeigiza Kiingereza, na mwishoni anaipandisha sauti kidogo na kuikata ghafla.

Uani, shemeji yako alikuwa anaanua nguo. Naye alikuwa anaimba wimbo uleule, kwa chinichini. Alipofika mwisho akaipandisha sauti kidogo, akaikata.

Nikatoka na redio mkononi. Nikamwuliza, "Mwaka sabini na saba ulikuwa wapi?"

"Itigi."

"Kwa nani?"

"Kwa mapadre. Nilikuwa napiga pasi. Mbona unajua?"

"Nilijua ulifanya kazi misheni. Sikujua uliimba. Na Chediel?"

"Alikuwa anakuja kurekodi."

"Siku ya harusi yetu alikupa mkono akakwambia 'karibu ukoo wetu, shemeji', kama mtu ambaye hajawahi kukuona!"

"Ulitaka aniambieje, mbele ya baba yako?"

"Kwa nini hukuniambia?"

Akakunja shuka, pembe kwa pembe. "Hukuniuliza."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, kwa kuwa karatasi hii inapita mikononi mwa posta. Yeye hakupandisha sauti. Alimaliza kukunja nguo, zangu akaziweka kitandani, zake akaziweka kwenye sanduku. Asubuhi alipanda gari la Ihanja kwenda kwa kaka yake. Leo ni siku ya nane.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, mtu wa maabara, unayepima damu za watu. Mlikuwa nini, wewe na mke wangu, ndani ya chumba kile? Usiniletee soksi wala bamia.

Alphonce


Leeds,
15 Agosti 1994

Kaka Alphonce,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mimi nimelelewa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikasirika. Kwa hiyo nitasema yote, hata yale niliyoombwa nisiseme.

Zile santuri za bendi ziliachwa Itigi na kijana mmoja Mwingereza wa kujitolea aliyekuja kuchimba visima. Zilikaa ndani ya boksi chini ya meza ya pasi. Aliyezifungua ni Yasinta. Jumamosi mapadre walipokwenda vigangoni, alikuwa anaweka gramafoni huku akipiga pasi. Alizisikiliza zote, akachagua ile moja. Mimi nilimkuta nayo. Nilikuwa napita dirishani naelekea stesheni, nikasikia, nikaingia kuuliza ni nini. Akasema, "Hawa wa kwanza wanapiga kelele tu. Sikiliza hii, hapa wamepata adabu." Kaka, hayo unayoyaita msimamo wako wa mwaka themanini na sita, mimi niliyasikia mwaka sabini na saba kutoka kwa msichana mwenye pasi ya mkaa.

Niliazima redio kaseti, nikaiweka mbele ya spika. Nilimwomba anyamaze. Alinyamaza mpaka wimbo wa mwisho, halafu akasahau. Kanda nilikuwa nayo moja tu, ya kurudia sikuwa nayo. Mwaka uliofuata nikakupa wewe, kwa kuwa ulikuwa kaka yangu na ulikuwa unaugua malaria, na sikusema kitu kwa sababu wakati ule Yasinta hakuwa mtu wako. Miaka miwili baadaye ukaja na habari za posa. Ulipotaja jina nilinyamaza. Ningesema nini? Watu wangeuliza bibi harusi alifungiwa ndani ya chumba na kijana wa upande wa bwana harusi kwa shughuli gani. Unawajua shangazi zetu.

Sasa sikiliza hili. Pasaka ya mwaka themanini na tatu nilikuja kwenu. Ulikuwa na wageni. Ukaipiga kanda, ukanyanyua mkono, ukasema, "Sikilizeni mwanamke huyu. Hakuna aliye kama yeye." Yasinta alikuwa ameingia na sinia la chai. Alisimama nalo mpaka wimbo ukaisha. Nilimfuata jikoni, nikamwambia, "Shemeji, leo namwambia." Akanishika mkono akasema, "Ukimwambia sitakusamehe. Mwaka mzima hajanisifia hata mboga. Mwache amsifie huyo."

Ndiyo maana nilidanganya kuhusu maduka. Hapa Leeds ninayo, iko mbele yangu. Niliogopa kwamba ukiisikia hiyo isiyopotea kitu, yeye atapoteza kile kidogo alichokuwa nacho.

Na swali lako. Hatukuwa kitu. Kama unataka kujua nilikuwa nampenda, ndiyo, nilimpenda, kama mtu wa miaka ishirini na moja anavyopenda. Sikusema. Wewe ulisema, ukapeleka posa, ukapewa. Tangu hapo ni shemeji yangu, na neno hilo nimelitunza kuliko wewe ulivyolitunza lako. Usidhani wivu ni mali yako peke yako, kaka. Wewe umeulalamikia kwa miezi mitano. Mimi nimekaa nao miaka kumi na minne na sijamtukana mtu.

Mfuate mkeo.

Mdogo wako, upende usipende,
Chediel


Mandewa, Singida,
16 Oktoba 1994

Mdogo wangu Chediel,

Marahaba. Na ile ya Agosti nayo marahaba, nimechelewa kuitikia. Mimi mzima kwa maana ya daktari. Nakula ugali wa kuungua na mlenda niliopika mwenyewe, ambao hata kuku wa jirani wameukataa. Wewe mitihani ulifaulu?

Nilipopokea barua yako nilitaka kukujibu kurasa kumi. Niliandika sita. Nilikuwa na hoja nzuri, nimekuita mnafiki kwa namna nne tofauti. Nilipofika pale pa sinia la chai kalamu ikakataa. Nimezichana.

Nikaenda Ihanja. Shemeji yangu Gasto aliketisha wazee wanne na kuniweka kwenye kigoda cha watoto, makusudi. Akasema, "Eleza kosa la dada yetu."

Nikasema, "Aliimba."

"Aliimba wapi?"

"Kwenye kanda."

"Mwaka gani?"

"Sabini na saba."

"Na mlioana lini?"

"Themanini."

Gasto akawatazama wazee. "Kwa hiyo mwalimu anamshtaki mwanamke kwa kuimba kabla hajamjua." Damari, dada yao mkubwa, alijifunika uso kwa khanga na mabega yakawa yanamtetemeka. Mzee mmoja akauliza hiyo bendi ni ya wapi. Nikasema Uingereza. Akauliza kama nao wanadai kitu. Nikatozwa beberu kwa matusi niliyotoa uani, nikalipa, na nilidhani yamekwisha.

Ndipo Yasinta akaomba kusema. Alisimama mlangoni, mikono ina unga. Hakuwatazama wazee, alinitazama mimi. "Miaka kumi na minne nimesikia ukimsifia yule. Nilikuwa namwonea wivu, na yule ni mimi. Sasa umeshajua ni nani. Haya, nisifie mimi. Nitafunga sanduku leo hii."

Chediel, mimi nimejibizana na wakuu wa wilaya. Nimeandika makala thelathini na mbili kuhusu soko huria, na mhariri alikuwa ananiomba nipunguze. Nilifungua mdomo pale mbele ya wakwe zangu, na hakikutoka kitu. Nikamtazama yule mwanamke mwenye unga mikononi na nikaona kwamba simjui vya kutosha kumsifia. Yule wa kwenye kanda nilikuwa namjua pumzi kwa pumzi.

Akajipangusa unga kwenye khanga. Kisha akasema, "Jumapili nipo," akarudi jikoni.

Jumapili ya kwanza nilikwenda nimejiandaa. Nilizungumza dakika ishirini. Akasema, "Hiyo ni makala." Jumapili ya pili nilisifia mapishi yake. Akasema, "Hiyo ni njaa." Jumapili ya tatu, yaani leo, sikusifia kitu. Nilimwuliza. Nilimwuliza ilikuwaje siku ya kwanza alipofungua lile boksi, na kwa nini aliipenda ya tatu, na ile ya nne uliyotuma aliionaje, maana nilikuwa naisikia hapa nyumbani kwa redio ya CD niliyoazima kwa Tamimu bila kujua kwamba naye anaisikia. Ndugu yangu, ana maoni! Anasema ya nne ni nzuri kuliko ninavyodai, na kwamba ule wimbo wa dakika kumi na moja nimeuhukumu kwa sababu ni mrefu kuliko subira yangu. Anasema waliobadilika hawakusaliti kitu, walikua tu, na kwamba mtu anayetaka wenzake wabaki kama alivyowakuta ana tatizo lake binafsi. Nilipinga. Tulibishana mpaka jua likaanza kulala, na Damari akaja mara mbili kutazama kama tunapigana.

Nilipoaga alinisindikiza. Kwa kawaida mke hamsindikizi mume, ni mgeni ndiye anayesindikizwa, na sikujua nifurahi au nihuzunike. Tulifika kwenye mashamba ya alizeti, akasimama. Hakusema ananirudia. Hakusema harudi. Alisema, "Bado hujanisifia."

Kwa hiyo nina mpaka Jumapili ijayo, na kama nitashindwa, nyingine baada ya hiyo.

Sasa jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya nikae kuandika. Usinisaidie. Nakuomba kama kaka, na nikilazimika nitakuamuru kama kaka. Usiniandikie hata neno moja la kumwambia. Ninajua unayo, na ninajua ni mazuri kuliko yangu, yamekaa miaka kumi na saba bila kutumika. Yaache hukohuko Leeds. Nitatafuta ya kwangu.

Kaka yako,
Alphonce